Mgongo, goti na kifundo cha mguu: namna kine inavyosaidia mtu kurudi shambani na uwanjani

Katika Luofu na vijiji vya jirani, kusini mwa eneo la Lubero, kazi nyingi zinafanyika kwa mgongo na kwa miguu. Mama anateremuka mlima na kitunga cha mihogo ao viazi, kamba ikiwa kwenye paji la uso. Kijana anasukuma chukudu yenye magunia. Mwendesha pikipiki anashinda kutwa kwenye barabara ya mashimo. Siku ya yenga, vijana wanacheza mpira kwenye uwanja wenye mawe na mteremko.

Mgongo ukikataa, ao goti likijikunja vibaya, nyumba nzima inasikia. Shamba halilimwi na feza ya masomo ya watoto inakosekana. Hapo maswali mawili yanakuja kila mara: mgonjwa alale siku ngapi, na nani amguse? Majibu ya haraka ambayo watu wamezoea ni kumlaza hadi apone, ao kumwita mtu amkande na kumvuta siku ileile. Mara nyingi yote mawili yanarefusha ugonjwa. Makala hii inaeleza jambo gani linasaidia kweli, na wakati gani haifai kungoja hata siku moja.

KINE NI NINI

Kine ni kifupi cha kinesiterapi, ni kusema matunzo ya mwili kwa njia ya mwendo. Tanzania na Kenya wanasema fiziotherapia. Mtu wa kine si mpasuaji, na kazi yake si kukanda tu. Anamwuliza mgonjwa namna alivyoumia, anapima nguvu na mwendo wa kiungo, anachagua mazoezi, anamfundisha mgonjwa namna ya kuyafanya nyumbani, kisha anafuata maendeleo wiki kwa wiki.

Wengi wanafikiri kwamba kine ni mashine za umeme. Mashine zinaweza kuwapo, lakini dawa yenyewe ni zoezi linalofanyika kila siku. Ndiyo sababu kine inaweza kufanyika hata mahali ambapo umeme haufiki.

MGONGO UMETENGENEZWA NAMNA GANI

Mtoto anazaliwa na pingili 33 za mgongo. 7 ziko shingoni, 12 nyuma ya kifua na 5 kiunoni. Chini yake kuna 5 ambazo baadaye zinaungana kuwa mfupa mmoja kati ya nyonga, na mwisho 4 ndogo za kifandugu. Katikati ya pingili zenye kucheza kuna diski, vipande vigumu kiasi lakini vyenye kunepa, vinavyopokea uzito. Ndani ya pingili inapita kamba kubwa ya neva inayotoka kwenye ubongo. Neva zinazotoka hapo ndizo zinazotembeza miguu na kuongoza mkojo na choo.

Watu wanasema "diski imetoka" na wanatafuta mtu wa kuirudisha kwa kuisukuma. Diski haitembei hivyo. Inaweza kuvimba ao kupasuka kidogo na kugusa neva, na maumivu yanateremka kwenye tako na mguu. Lakini hairudishwi kwa kidole wala kwa kisigino. Katika wagonjwa wengi kile kipande kilichotokeza kinapungua chenyewe kadiri wiki na miezi inavyopita, na maumivu yanapungua pamoja nacho.

MAUMIVU YA KAWAIDA YA KIUNO

Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linahesabu kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno. Hakuna ugonjwa mwingine unaozuia watu wengi zaidi kufanya kazi. Katika wagonjwa 10, karibu 9 hawana mfupa uliovunjika wala ugonjwa mkubwa ndani. Misuli na viungo vya mgongo vimechoka ao vimeshtuka, na wengi wao wanapata nafuu ndani ya wiki chache.

Kwa watu kama hao, kitanda si dawa. Mwaka 1986 madaktari wa Marekani walilinganisha wagonjwa walioambiwa walale siku 2 na wale walioambiwa walale siku 7. Waliolala siku 7 hawakupona vizuri zaidi, na walikosa kazi siku nyingi zaidi. Tangu hapo utafiti mwingine umeonyesha vilevile. Mtu akilala muda mrefu, misuli inayoshikilia mgongo inakuwa dhaifu, na siku ya kusimama maumivu yanarudi kwa nguvu. Halafu woga unaingia: anaogopa kuinama, anaogopa kubeba hata kikombe, na mwishoni ule woga ndio unamzuia kuliko mgongo wenyewe.

Mwezi wa 12 mwaka 2023, OMS ilitoa mashauri juu ya maumivu ya kiuno yanayopita miezi 3. Inashauri kumfundisha mgonjwa juu ya hali yake, kumpa mazoezi, na pengine kumkanda ao kumnyoosha kwa mikono ya mtu mwenye ujuzi. Haishauri mikanda ya kiuno, wala kuvuta mgongo kwa uzito, wala dawa kali za jamaa ya morfini. Kwa hiyo mtu asiuze mbuzi ili anunue mkanda.

Vidonge vya kutuliza maumivu vina nafasi yao kwa siku chache. Lakini diklofenaki na ibuprofeni zikimezwa kila siku kwa wiki nyingi zinaweza kutoboa tumbo na kuharibu figo. Mtu anayezinunua dukani kila jumamosi ili afike kwenye shamba anapaswa kumwona muuguzi.

DALILI AMBAZO HAZIRUHUSU KUNGOJA

Mtu mmoja katika kumi anaweza kuwa na jambo kubwa zaidi. Kabla ya mazoezi yoyote, muuguzi ao mtu wa kine anapaswa kutafuta dalili hizi.

Mkojo umegoma, ao mkojo na choo vinatoka bila kujua. Sehemu za siri na katikati ya mapaja zimekufa ganzi. Miguu yote miwili inakuwa dhaifu. Hapo neva za chini zinabanwa, na mgonjwa anahitaji kufika kwa mpasuaji mara moja. Saa zikipita, ulemavu unaweza kubaki.

Maumivu yanazidi usiku, pamoja na homa, jasho, kukonda, na pengine kinundu kinachotokeza katikati ya mgongo. Hiyo inaweza kuwa kifua kikuu cha mgongo, ambacho wauguzi wanaita ugonjwa wa Pott, kwa jina la mpasuaji Mwingereza Percivall Pott aliyeueleza mwaka 1779. Mtu anaweza kuwa nao bila kukohoa. Kikiachwa, kinakula pingili hadi mgongo unapinda na miguu inakufa. Kikigunduliwa mapema, kinatibiwa kwa vidonge kwa miezi mingi, na dawa za kifua kikuu ni bure katika vituo vya serikali. Mgonjwa wa namna hii akikandwa tu miezi mitatu, anapoteza wakati ambao haurudi.

Maumivu yameanza baada ya kuanguka kutoka kwenye mti, kwenye lori ao kwenye pikipiki. Mgonjwa ni mzee aliyeanguka hata kidogo tu. Mgonjwa aliwahi kuwa na kansa. Kwa hao wote, lazima wapige radio, ile picha ya mifupa, na daktari aisome.

Kwa mgonjwa asiye na dalili hata moja kati ya hizo, radio mara nyingi haileti kitu. Inaonyesha uzee wa pingili ambao watu wengi wanao bila kuumwa, na inamaliza feza.

MTU AKIANGUKA: USIMKALISHE KWENYE PIKIPIKI

Katika vijiji vingi, mtu aliyeanguka anakalishwa kwenye pikipiki, katikati ya dereva na ndugu mmoja anayemshikilia kwa nyuma. Nia ni nzuri, ni kufika haraka. Lakini kama pingili imevunjika, kila shimo la barabara linaweza kuisukuma kwenye kamba ya neva. Mtu aliyeanguka akiwa bado anasogeza vidole vya miguu anaweza kufika hospitali hawezi tena.

Kipoyi cha wazee kinafaa zaidi, kikiwekewa mbao juu. Mlango uliotolewa kwenye bawaba unafaa pia. Watu 4 ao 5 wanamshika mgonjwa pamoja. Mmoja anashika kichwa na ndiye anayehesabu. Wanamgeuza kama gogo, kichwa, mabega na nyonga vikienda pamoja, wanaingiza mbao chini yake, wanamrudisha polepole. Nguo zilizokunjwa zinawekwa huku na huku ya shingo, na mwili unafungwa kwenye mbao kwa vitenge. Kama anatapika ao amezimia, anageuzwa upande, mwili wote pamoja, ili asikabwe na matapishi. Kama kuna moto ao risasi, kwanza aondolewe pale: anavutwa kwa mabega, mwili ukiwa umenyooka.

Mtu asiyesikia miguu yake asiwekewe chupa ya maji moto, sababu itamuunguza bila yeye kujua. Funguo na simu zitolewe mifukoni. Na kama safari ao kungoja kunachukua muda, ageuzwe kila saa 2 kwa namna ileile ya gogo. Vidonda vya kulalia vinaanza ndani ya saa chache, na vinaua watu waliopooza hata baada ya mgongo wenyewe kutunzwa.

KIFUNDO, GOTI NA MSULI WA PAJA

Kwenye mpira, kifundo cha mguu ndicho kinaumia mara nyingi. Swali la kwanza: je, mfupa umevunjika? Tangu mwaka 1992 madaktari wanatumia kanuni iliyotungwa Ottawa, Kanada, na haiombi chombo chochote. Finya kwa kidole ule mfupa unaotokeza upande wa ndani na ule wa nje wa kifundo, kwenye ncha na ukingo wa nyuma, sentimeta 6 za mwisho. Kisha mwombe mgonjwa atembee hatua 4. Kama mfupa unauma pale unapofinywa, ao kama hakuweza kutembea hatua 4 tangu alipoumia wala sasa, apelekwe kupiga radio. Kanuni hii inaangalia pia mifupa miwili ya katikati ya mguu, ule wa upande wa kidole kidogo na ule wa upande wa ndani.

Kama si mfupa, siku 2 ao 3 za kwanza ni za kulinda. Aache kucheza, afunge kitambaa kisichobana sana, mguu ukae juu kuliko moyo akilala. Maji baridi ya kijito kwenye kitambaa yanapunguza maumivu kwa dakika chache. Asikande kwa nguvu, asiweke maji moto, asinywe pombe.

Baada ya hapo, kazi ni kurudisha uzito kidogo kidogo. Shauri la zamani la kupumzisha na kuweka barafu lilienezwa na daktari wa Marekani, Gabe Mirkin, katika kitabu cha mwaka 1978. Yeye mwenyewe baadaye alibadili maoni juu ya barafu na mapumziko marefu. Leo mashauri yanasema kano inapona vizuri ikifanya kazi kwa kipimo: maumivu madogo si hatari, maumivu yanayobaki hadi kesho yake yanasema kazi ilizidi.

Goti linaomba uangalifu zaidi. Mchezaji akisikia kitu kinapasuka, goti likavimba ndani ya saa chache, na baadaye likawa linamkimbia anapogeuka, pengine kano ya ndani ya goti imekatika. Wengi wanafikiri kwamba bila upasuaji, kwisha. Mwaka 2010 watafiti wa Sweden walitoa matokeo juu ya vijana na watu wazima 121 wenye jeraha hilo. Wale 59 waliopewa kwanza mazoezi, na upasuaji baadaye kwa anayeuhitaji, walifuatwa miaka 2: 36 kati yao hawakupasuliwa, na kwa jumla magoti ya kundi hilo yalikuwa sawa na ya wale waliopasuliwa mapema. Kwa mtu wa Luofu, ambaye mpasuaji wa goti yuko mbali sana, habari hiyo ni kubwa. Mazoezi ya miezi mingi, yakifanywa kweli, ni matunzo kamili.

Na kichwa? Mchezaji aliyegongwa kichwa akachanganyikiwa, hata kwa dakika moja, anatoka na harudi uwanjani siku ile. Akitapika, akilala usingizi usio wa kawaida, ao kichwa kikizidi kuuma, ni hospitali usiku uleule.

WENYE KUUNGA MIFUPA

Karibu kila kijiji kina mzee anayejulikana kwa kuunga mifupa. Watu wanamwamini sababu yuko karibu, anaongea lugha yao na anapokea malipo kidogo kidogo. Lakini kuna mipaka. Fito zikifungwa kwa nguvu sana kwenye mkono ao mguu uliovimba, damu haipiti. Vidole vikiwa baridi, vyeupe ao vyeusi, vikifa ganzi, ao maumivu yakizidi kila saa, kamba zifunguliwe pale pale na mgonjwa aende hospitali. Kuna watoto wanaokatwa mkono ambao ulikuwa umevunjika tu. Kidonda kilichotoboka hadi mfupa kuonekana si kazi ya nyumbani. Shingo na mgongo visivutwe wala visikanyagwe na mtu yeyote.

NDANI YA CHUMBA CHA KINE

Siku ya kwanza inaenda kwa maswali na vipimo. Unafanya kazi gani? Unabeba kilo ngapi? Unapita mlima gani? Mtu wa kine mzuri hatoi mazoezi yaleyale kwa mwenye chukudu, kwa mwalimu na kwa golikipa.

Kwa kiuno, mara nyingi inaanza na kutembea: dakika 10 asubuhi na 10 jioni, kisha kuongeza. Halafu kuinua nyonga ukiwa umelala chali, magoti yamekunjwa. Kupiga magoti na mikono chini, ukinyoosha mkono mmoja na mguu wa upande wa pili. Kuketi na kusimama kwenye kiti mara 10. Baadaye anainua bidoni ya lita 5 yenye maji, kisha ya 10, kisha ya 20, sababu huo ndio uzito utakaomngoja nyumbani.

Kwa kifundo, anasimama kwa mguu mmoja, kwanza macho wazi, kisha macho yamefungwa. Anainuka kwa vidole vya miguu. Anaruka palepale, kisha mbele, kisha pembeni. Kabla ya kurudi uwanjani, mguu ulioumia unapaswa kuruka karibu sawa na ule mzima, na mchezaji aweze kukimbia, kusimama ghafla na kugeuka bila woga. Kipimo ni hicho. Kuhesabu wiki peke yake hakutoshi, na siku ya fainali ya mtaa haihesabiki kabisa. Kifundo kinachorudi mapema kinajikunja tena, na baada ya mara tatu ao nne kinabaki kilegevu.

Mgonjwa anaweza kuuliza maswali matatu kabla ya kulipa: Tatizo langu ni nini? Nitafanya nini nyumbani? Tutajuaje kwamba ninaendelea? Mahali ambapo hakuna jibu, na kila siku ni mashine ao kukandwa tu, feza inaweza kwisha kabla ya maumivu.

KUZUIA KABLA YA KUUMIA

FIFA ina mazoezi ya kupasha mwili yanayoitwa FIFA 11+. Yana mazoezi 15, yanachukua dakika kama 20, na yanaomba mpira tu. Kuna kukimbia polepole, kuimarisha tumbo na mapaja, kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua magoti yakiwa sawa na vidole. Norway iliyajaribu kwa wasichana 1.892 wa miaka 13 hadi 17, na mwaka 2008 matokeo yalionyesha kwamba timu zilizoyafanya zilikuwa na majeruhi pungufu kwa karibu theluthi moja. Nyuki ya Butembo, Capaco ya Beni ao timu ya shule ya Luofu, wote wanaweza kuyafanya bila kununua kitu.

Kwa mizigo, ni afadhali safari mbili za kilo 25 kuliko moja ya kilo 50. Mzigo ukae karibu na mwili. Wawili wamsaidie mama kuinua na kushusha, sababu mgongo unaumia zaidi wakati wa kuinuka na kitunga. Msichana wa miaka 12 asibebeshwe mzigo wa mtu mzima.

MTU AENDE WAPI

Mlango wa kwanza ni kituo cha afya. Kutoka Luofu, mgonjwa anaelekea hospitali ya Kayna, na kama barabara inaruhusu, Butembo, ambako kuna hospitali kubwa kama Kitatumba na Matanda. Mjini Goma kuna HEAL Africa, iliyoanzishwa na mpasuaji wa mifupa Kasereka Jo Lusi pamoja na mke wake Lyn Lusi. Kuna pia kituo cha Shirika la Umoja, kinachotengeneza miguu na mikono ya bandia na kufundisha watu kutembea tena, kwa msaada wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Ni vema kupiga simu ao kutuma mtu kwanza, aulize kama mtu wa kine yuko na anapokea siku gani.

Tangu mwezi wa 6 mwaka 2024, vita vilipofika Kanyabayonga na Kirumba, safari hizo zimekuwa ngumu zaidi, na wengi wamekimbia wakiacha matibabu katikati. Mgonjwa aliyekimbia aombe karatasi inayoeleza jeraha lake na mazoezi yake, ao ayaandike kwenye daftari. Akifika mahali pengine, muuguzi ataendelea kutoka pale alipofikia. Na hata asipompata mtu wa kine, mazoezi aliyofundishwa anaweza kuyafanya pale alipo, kwenye mkeka, kila asubuhi, bila kungoja barabara ifunguliwe.